Kadi ya grafiki ya laptopu kuukuu inapoanza kufa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Laptopu ikishafikisha miaka sita au saba huzeeka kila mahali: betri inachoka, bawaba zinalegea, feni inapiga kelele. Kadi ya grafiki, yaani chipu inayotengeneza picha za skrini, inapoanza kusumbua ndipo wengi huchanganyikiwa, maana dalili zake zinafanana na za magonjwa mengine kadhaa, na ushauri unaosambaa kuhusu jambo hili umejaa oveni na bloa (kipuliza hewa ya moto) za kuipashia bodi. Majibu yaliyo hapa yana msimamo mmoja: okoa mafaili kwanza, hakikisha kwamba mkosaji ni kadi kweli, kisha jaribu kuishi bila hiyo kadi kabla ya kufikiria kulipa fundi.

Dalili za kadi inayokufa ni zipi?

Iliyo wazi zaidi ni uchafu kwenye picha. Utaona miraba midogo ya waridi au kijani imetawanyika, mistari ya wima inayojirudia kwa umbali sawa, au maandishi ambayo baadhi ya herufi zimegeuka alama zisizoeleweka. Kwenye michezo ya pande tatu huchomoza pembetatu ndefu zisizo na mahali pake. Uchafu huo ukionekana hata kwenye skrini ya BIOS, yaani kabla mfumo wowote haujaanza kupakiwa, tatizo haliko kwenye programu.

Dalili nyingine ni kadi kuzimia. Skrini inakuwa nyeusi kwa muda mfupi, inarudi, na Windows inakuarifu kwamba draiva ya skrini (programu inayouunganisha mfumo na kadi) iliacha kuitikia na sasa imerejea. Kwa kawaida Windows huipa kadi sekunde 2 za kujibu. Ikizidi hapo, mfumo unaiwasha upya kwa nguvu. Isipoamka unapata skrini ya buluu yenye VIDEO_TDR_FAILURE, namba 0x116.

Halafu kuna Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows: alama ya njano ya mshangao kando ya jina la kadi, na ukiifungua unakuta Code 43. Hapo kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu na Windows imekisimamisha. Draiva iliyoharibika inaweza kuleta Code 43 pia, lakini ikija pamoja na miraba ya rangi, usijidanganye.

Nitajuaje kama ni kadi na si kioo au waya wake?

Swali hili ndilo la kulipa muda wako, kwa sababu kioo na waya ni matengenezo ya bei nafuu na kadi si hivyo.

Anza na kipimo kisichohitaji kifaa chochote. Uchafu ukiwa kwenye skrini, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, hifadhi, kisha ifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Kama mistari imo ndani ya picha, imetengenezwa na kadi, kumbukumbu yake au draiva. Kama picha ni safi kabisa ilhali kioo kinaonyesha mistari, mtuhumiwa wa kwanza ni kioo au waya unaokiunganisha na bodi.

Kisha fungua na ufunge mfuniko polepole, uusimamishe kwenye pembe tofauti. Mistari ikibadilika, ikipotea au ikihamia upande mwingine unaposogeza mfuniko, ni waya. Waya huo hupita ndani ya bawaba, na kila ukifunga laptopu unaukunja. Baada ya miaka mingi nyuzi zake nyembamba huanza kukatika.

Kama skrini ni nyeusi tii lakini feni inazunguka na unasikia sauti ya mfumo ukiwaka, chukua tochi uimulike skrini kwa pembeni ndani ya chumba chenye giza. Ukiona picha hafifu nyuma ya weusi, kadi inafanya kazi; kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo.

Mwisho, unganisha monita ya nje au televisheni. Uchafu ukitokea kote kuwili, ni kadi. Ukitokea kwenye kioo cha ndani tu, kwa kawaida ni kioo au waya. Ila kuna mtego hapa. Laptopu nyingi zina kadi mbili, moja ndani ya prosesa na nyingine ya pembeni, na kwenye baadhi ya modeli kioo cha ndani kinalishwa na ile ya prosesa huku tundu la HDMI likilishwa na ile ya pembeni. Kwa hiyo unaweza kukuta kioo cha ndani ni safi na monita ya nje imejaa miraba. Usikimbilie kulaumu monita.

Inaweza kuwa draiva tu?

Inaweza, na ndiyo maana lazima uiondoe kwenye orodha kabla ya kitu kingine. Laptopu za zamani huumwa sana na masasisho: Windows Update huleta draiva mpya ya jumla juu ya ile iliyotolewa na mtengenezaji wa laptopu, na kadi iliyokuwa haina shida inaanza kuzimia.

Bonyeza kwanza Windows+Ctrl+Shift+B. Hiyo huwasha upya draiva ya grafiki bila kuzima kompyuta. Isiposaidia, ingia Safe Mode (Windows ikiwa na vitu vya msingi tu), safisha draiva zote za grafiki kwa programu ya Display Driver Uninstaller, kisha sakinisha ile iliyo kwenye ukurasa wa msaada wa mtengenezaji wa laptopu yako, hata kama ni ya miaka mingi iliyopita. Kwa mashine kuukuu, draiva ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili yake mara nyingi ina utulivu kuliko mpya.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni kuwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, bila kusakinisha kitu. Huo ni mfumo mwingine kabisa wenye draiva nyingine. Uchafu ule ule ukijitokeza huko, achana na habari za draiva.

Na RAM, yaani kumbukumbu ya kompyuta, inaweza kuleta uchafu huu?

Ndiyo, hasa kama unatumia grafiki ya ndani ya prosesa, kwa sababu hiyo haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta. Acha MemTest86, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha. Kama una vipande viwili vya RAM, jaribu kimoja kimoja.

Nimethibitisha ni kadi. Nianze na nini?

Mafaili, leo hii. Kadi inayokufa haitoi ratiba: inaweza kuendelea kuzimia na kuzinduka miezi mingi, na inaweza kugoma kuwaka kesho asubuhi.

Kama mashine bado inawaka, nakili kila kitu kwenye diski ya nje kabla hujaanza majaribio yoyote ya joto au kasi. Kama Windows haipandi lakini BIOS inaonekana, washa kwa flashi ya Linux na unakili kutoka hapo. Kama hakuna picha kabisa, fungua laptopu utoe diski. Diski za inchi 2.5 za SATA huingia kwenye kasha la USB la kawaida. Zile ndogo za M.2 zinataka uangalifu: kuna za SATA na za NVMe, na kasha la aina moja si lazima lisome aina nyingine. Baadhi ya laptopu nyembamba zina hifadhi iliyolehemiwa kwenye bodi, na hapo hakuna cha kuchomoa.

Jambo linalowakwamisha watu wengi ni usimbaji, yaani kuifunga diski isisomeke bila ufunguo. Ikiwa Windows yako imewasha BitLocker, au usimbaji wa kifaa uliojiwasha wenyewe siku ulipoingia kwa akaunti ya Microsoft, diski hiyo ukiichomeka kwenye kompyuta nyingine itadai ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Ufunguo huo huhifadhiwa mara nyingi kwenye akaunti yako ya Microsoft mtandaoni. Uutafute na uuandike sasa, wakati skrini bado inasomeka.

Kwa nini kadi za laptopu hufa hivi?

Joto, lakini si joto kali peke yake. Kinachoua ni kupanda na kushuka. Chipu ya grafiki imekaa juu ya kibao kidogo, nacho kimekaa juu ya bodi. Chipu na kibao vimeunganishwa kwa vinundu vidogo sana vya lehemu. Kibao na bodi vimeunganishwa kwa vipira vikubwa kidogo. Kila ukiwasha mchezo, chipu inapanda kutoka nyuzi 40 hadi 85 au 90 za Selsiasi, ukiufunga, inashuka. Chipu ni silikoni, kibao ni plastiki na nyuzi za kioo, na hivyo viwili havitanuki kwa kiwango kimoja. Vinundu vilivyo katikati ndivyo vinavyovutwa huku na huku kila siku kwa miaka, hadi kimoja kinapata ufa.

Kuna vizazi ambavyo vilikuwa dhaifu tangu kiwandani. Julai 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinaharibika kupita kiasi kutokana na malighafi dhaifu za ufungaji wa chipu. Oktoba mwaka huo huo Apple ilikiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye GeForce 8600M GT zimo katika kundi hilo. Februari 2015 Apple ilifungua tena mpango wa matengenezo, safari hii kwa MacBook Pro za 2011 hadi 2013 zenye matatizo ya picha, zikiwemo za inchi 15 na 17 za 2011 zenye chipu za AMD. Mipango hiyo imeshafungwa, kwa hiyo mwenye mashine ya aina hiyo leo yuko peke yake na fundi wake.

Watu hupenda pia kulaumu lehemu isiyo na risasi (ile metali), iliyoenea baada ya sheria ya Umoja wa Ulaya kuanza kufanya kazi tarehe 1 Julai 2006. Ina sehemu yake, kwa sababu lehemu hiyo ni ngumu na haipindiki kirahisi. Lakini lawama nyingi zimeishia mahali pasipo: kwenye zile chipu za 2008 ufa ulikuwa kwenye vinundu vya ndani, kati ya chipu na kibao, ambavyo vilikuwa na risasi tele.

Nimeambiwa niiweke bodi kwenye oveni, au niipige bloa. Inafanya kazi?

Inafanya kazi kwa wiki moja, mwezi, pengine mitatu, na hapo ndipo inapata sifa yake. Mtu anaioka bodi, laptopu inawaka, anasimulia kila mahali. Inapokufa tena hasimulii.

Tazama namba. Lehemu yenye risasi iliyotumika zamani huyeyuka kwenye nyuzi 183. Ile isiyo na risasi iliyo chini ya kibao huyeyuka kuanzia 217. Vinundu vyenye risasi nyingi vilivyo chini ya chipu yenyewe vinahitaji zaidi ya 300. Kwa hiyo bodi iliyotengenezwa baada ya 2006, ukiiweka kwenye oveni ya nyuzi 200, haijayeyushiwa kitu. Kilichotokea ni kwamba joto limetanua gundi na plastiki inayozunguka vinundu, na nyufa zimegusana tena. Mguso huo si kiungo. Ukirudi kwenye mzunguko wa kupanda na kushuka, zinaachana.

Huku nyuma umekaanga vidhibiti umeme vidogo, umelainisha soketi za plastiki, na kama umesahau betri ndogo ya saa kwenye bodi, inaweza kupasuka. Mvuke unaotoka humo haufai kukaa kwenye oveni inayopikiwa chakula.

Bloa mikononi mwa asiye na mashine ya kupasha bodi kutokea chini ni mbaya zaidi, kwa kuwa upande mmoja unawaka moto na mwingine uko baridi, na bodi inajikunja. Nafasi pekee ambayo ningeielewa ni hii: mafaili yako yamefungwa ndani ya hifadhi iliyolehemiwa, huna njia nyingine, na unataka mashine iwake mara moja tu ili unakili na kuitupa. Hata hapo, mpe mwenye vifaa afanye.

Naweza kuizima kadi mbovu nikaendelea na ile ya ndani?

Ukiwa na bahati ya kuwa na kadi mbili, hili ndilo jibu bora kuliko yote katika ukurasa huu, na halina gharama. Prosesa nyingi za Intel za laptopu kuanzia 2010 zina grafiki ndani, na mwaka huo huo Nvidia ilileta Optimus, mfumo unaoiacha grafiki ya ndani ilishe kioo huku kadi kubwa ikiitwa pale tu inapohitajika. Kwa mashine ya namna hiyo, kadi kubwa ikifa huhitaji kuizika kwa sherehe. Unaacha kuiita tu.

Ingia BIOS kwanza. Baadhi ya laptopu, hasa za kikazi, zina kipengele cha kuchagua grafiki ya ndani pekee. Ukikipata, umemaliza.

Usipokipata, nenda Device Manager, fungua Display adapters, bofya kulia kadi ya Nvidia au AMD na uchague Disable device. Hakikisha hukosei ukazima ya Intel. Kasoro ya njia hii ni kwamba kwenye baadhi ya modeli kadi iliyozimwa hivi bado inapata umeme, na kwa kuwa hakuna draiva ya kuilaza, inakaa macho ikila betri na kutoa joto. Linganisha: kama laptopu imekuwa ya moto kuliko zamani ikiwa haifanyi kitu, iwashe tena kadi, na badala yake nenda kwenye mipangilio ya grafiki ya Windows uziwekee programu zako zote hali ya kuokoa umeme, ili zitumie ya ndani.

MacBook Pro za 2011 zina hadithi yake. Kuna amri ya kuandika kwenye kumbukumbu ndogo ya mashine, ile NVRAM, inayobadilisha thamani iitwayo gpu-power-prefs ili mashine iwake na grafiki ya Intel. Inafanya kazi, ila NVRAM ikifutwa lazima uiandike tena.

Kuna laptopu ambazo haziokoki kwa njia hii: zile zisizo na grafiki kwenye prosesa, na zile ambazo mtengenezaji aliunganisha kioo moja kwa moja na kadi kubwa. Za michezo ya kompyuta ni nyingi katika kundi hili.

Natumia Linux. Kuna tofauti?

Kuna nafuu kubwa. Menyu ya GRUB, ile ya kuwashia Linux, ikitokea, bonyeza herufi e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza neno nomodeset mwishoni mwake, kisha Ctrl+X. Mfumo utapanda na picha ya msingi bila kuigusa draiva ya kadi. Ni ya polepole, video zitakwama, lakini unaingia.

Ukishaingia, zuia draiva ya kadi mbovu kabisa. Kwa Nvidia inayotumia nouveau, draiva huria ya Linux, tengeneza faili ndani ya /etc/modprobe.d lenye maneno blacklist nouveau, sasisha initramfs (faili linalopakiwa mwanzo mfumo unapowaka), uwashe upya bila nomodeset. Grafiki ya Intel itashika kazi kwa kasi yake yote. Amri ya lspci itakuonyesha kama kadi mbovu bado inaonekana. Ikiwa haionekani hata kwenye orodha hiyo, imekufa kabisa au BIOS imeificha.

Kusafisha na kubadilisha pesti ya joto kunasaidia?

Kwa kadi iliyokwisha kupasuka vinundu, hapana. Kwa kadi inayozimia kwa sababu inachemka, ndiyo sana, na hujui uko upande gani hadi usome joto. HWiNFO au GPU-Z itakupa namba. Kadi inayofika 95 baada ya dakika chache za video ya kawaida inalia vumbi.

Na vumbi lenyewe haliko pale watu wanapolitafuta. Kupuliza kwenye matundu ya nje hakutoshi. Fungua mfuniko wa chini, ondoa feni, na utazame nafasi kati ya feni na mapezi ya shaba: mara nyingi utakuta tabaka nene lililoshikana kama kipande cha blanketi, limeziba njia yote ya hewa. Linatoka kwa kidole kama kipande kimoja. Zima mashine na uchomoe betri kabla ya kugusa chochote, na ukitumia hewa ya kupuliza, shika pangaboi za feni zisizunguke.

Ukiamua kuondoa kipoza joto ubadilishe pesti, legeza skurubu kwa kufuata namba zilizoandikwa kando yake, na urudishe kwa mpangilio huo huo, kidogo kidogo, ili chipu isibanwe upande mmoja. Futa pesti kavu kwa alkoholi ya isopropili. Sasa angalia zile chipu ndogo nyeusi zinazoizunguka kubwa, ambazo ni kumbukumbu ya kadi. Hizo hazipakwi pesti. Zina vipande vya mpira laini wa kijivu au buluu. Vikichanika, pima unene wake kabla ya kununua vingine. Ukiweka kinene zaidi ya cha asili, hata kwa nusu milimita, kipoza joto kinainuka na hakigusi tena chipu kubwa, nawe utashangaa mashine safi ikichemka kuliko ilivyokuwa chafu.

Naweza kuirefushia maisha kwa kupunguza kasi?

Ndiyo. Kwa MSI Afterburner shusha kasi ya chipu na ya kumbukumbu kwa megahezi 100 au zaidi, hatua kwa hatua. Uchafu ukipungua, umepata nafuu na pia ushahidi kwamba kifaa ndicho kimechoka. Funga michezo kwenye picha 30 kwa sekunde. Zima uharakishaji wa vifaa (hardware acceleration) kwenye kivinjari. Usitumie FurMark kuipima kadi ambayo tayari inazimia. Programu hiyo imetengenezwa kuitesa kadi.

Ukiacha laptopu juu ya godoro au mto, yote hayo ni bure.

Nikiipeleka kwa fundi, nimuulize nini?

Muulize anabadilisha chipu au anaipasha moto. Ndilo swali kuu, na namna anavyolijibu inatosha. Akisema ataipasha tu, au atapanga upya vipira vya lehemu vilivyo chini ya chipu ile ile, jua kwamba vinundu vya ndani havijaguswa. Kupanga vipira upya ni kazi halali pale ufa ulipo kati ya kibao na bodi, kwa mfano laptopu iliyoanguka. Kwa chipu iliyozeeka kwa joto, kitu kinachotengeneza kweli ni chipu nyingine.

Akisema anabadilisha, uliza chipu inatoka wapi. Sokoni zimejaa chipu zilizong'olewa kwenye bodi nyingine, zikapangiwa vipira vipya na kuuzwa kama mpya. Mwisho uliza dhamana ni ya muda gani, na iandikwe. Dhamana ya wiki mbili kwa kazi ya aina hii ni sawa na kuambiwa ukweli kwa lugha ya adabu.

Kununua bodi nzima iliyotumika ni njia nyingine. Kumbuka kwamba kama modeli yako inajulikana kwa ugonjwa huu, bodi ya mwenzako ina umri ule ule na chipu ile ile.

Kadi yenyewe haichomoleki?

Kwa laptopu nyingi, hapana, imelehemiwa. Isipokuwa baadhi ya mashine kubwa za kikazi na za michezo, ambazo zina kadi za MXM zinazofungwa kwa skurubu. Ukiwa nayo, tafuta kadi ya modeli ile ile iliyokuwemo. Kadi za MXM hutofautiana umbo na matundu ya kipoza joto, na BIOS za watengenezaji wengine hukataa kadi zisizozijua.

Kadi ya nje je?

Inawezekana kwa laptopu yenye tundu la kasi la Thunderbolt 3. Kwa mashine kuukuu yenye ExpressCard, tundu la zamani la kadi za nyongeza, pia inawezekana, kwa njia nyembamba sana na usumbufu mwingi. Kasha, kadi na chanzo cha umeme kwa pamoja vitazidi thamani ya laptopu. Sikushauri.

Basi inafaa kutengenezwa?

Linganisha bei ya kubadilisha chipu na bei ya laptopu iliyotumika yenye nguvu ile ile, siyo bei uliyonunulia yako. Ikizidi nusu, mimi ningeacha. Hesabu pia kinachofuata: betri, feni na bawaba zina umri ule ule wa kadi. Halafu kuna mfumo. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu ya 2014 iliyotengenezwa chipu kwa gharama kubwa bado itakuwa laptopu ya kuwekewa Linux.

Ambapo ningetengeneza bila kusita ni pale mashine inapoendesha kitu kisichohama: programu yenye leseni iliyofungwa kwenye bodi hiyo, au kifaa cha kazi kinachotaka tundu la zamani ambalo laptopu mpya hazina.

Skrini imekufa kabisa lakini mashine inawaka. Niitupe?

Siyo lazima. Kompyuta isiyo na picha bado ni kompyuta. Sakinisha Linux ya seva kwenye diski yake ukiwa umeichomeka kwenye mashine nyingine, washa SSH (njia ya kuingia kutoka kompyuta nyingine), hakikisha mtandao wa kebo umewekwa kupata anwani yenyewe, kisha irudishe diski mahali pake. Utaiendesha kutoka kompyuta nyingine kama hifadhi ya mafaili ya nyumbani, seva ya printa au ya muziki. Baadhi ya mashine hugoma kuwaka kabisa BIOS isipoona kadi nzima, kwa hiyo jaribu kabla ya kupanga makubwa.

Ikiwa itakaa kwenye chaja muda wote, toa betri kama mashine inakubali kuwaka bila hiyo. Betri iliyovimba iondoe hata kama haikubali, usiitoboe, na uipeleke inakopokelewa taka za kielektroniki pamoja na bodi ile mbovu.